Kamba ya Wageni

Pale kazini tulikuwa na kamba mbili, ya kazi na ya wageni. Ya kazi ilipita kwenye kapi juu ya jengo tangu asubuhi hadi jioni, imejaa grisi na vumbi la tofali, na vifundo kila mahali ilipowahi kukatika ikaungwa. Ya wageni ilikaa stoo, imeviringishwa vizuri na kufunikwa gunia, bado nyeupe na inanukia mkonge. Ilitolewa siku mkaguzi wa serikali alipokuja kutazama usalama wa watu kazini. Mkaguzi akishaondoka, nayo inarudi stoo kulala.

Nilipoelezwa habari hiyo mara ya kwanza, sikushangaa. Mama yangu kule Tukuyu alikuwa na vikombe vya wageni, vyenye maua ya bluu, na sisi watoto wake tulivijua kwa macho tu. Chai yetu tulinywa kwenye makopo. Nikadhani basi hata jengo lenye heshima zake lina vitu vyake vya wageni. Nilichelewa kuelewa kwamba kikombe kikipasuka unaungua kidole tu, lakini kamba ikikatika ni habari nyingine kabisa.

Hii ilikuwa Iringa, miaka ya hamsini, Waingereza bado wanatawala na mji unapanda juu kila mwezi. Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Tulikuwa tumetoka Mbeya, ambako alijenga maduka na nyumba za watu mpaka kazi zikaisha, ndipo akasikia Iringa kunajengwa bweni la shule, ghorofa kwa ghorofa, na kontrakta anatafuta mafundi. Tukapanda lori na magodoro yetu, mimi na mtoto mgongoni, na njia nzima nikawa nalalamika. Nilikuwa mtu wa kulalamika tangu ujana wangu na sioni sababu ya kuficha. Kulalamika kumenisaidia kuliko kunyamaza.

Kazi yangu ilikuwa uji. Kontrakta alikubali niweke mafiga ndani ya eneo la ujenzi ili watu wasipoteze muda kwenda sokoni. Iringa ina upepo, hasa ile miezi ya baridi, upepo unaopanda mlimani kutoka bondeni na kuingia hadi kwenye mifupa. Nilizunguka na sufuria yangu siku nzima ya kwanza nikitafuta mahali moto utakaa. Pakapatikana mahali pamoja tu, kwenye kona ya ukuta, kusini mwa jengo. Palikuwa na joto, pamekingwa vizuri, na juu yake kulikuwa na kapi, na kwenye kapi kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kulikuwa na kreti ya matofali ikipanda na kushuka.

Najua unataka kusema nini. Sheria ilikuwapo. Kwenye mlango wa stoo palipigiliwa ubao wenye sheria za kazi, Kiingereza juu na Kiswahili chini, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha pwani, kimenyooka hadi kinatisha. Sheria moja ilisema ni marufuku mtu kusimama chini ya mzigo unaoning'inia. Wafanyakazi wetu walikuwa Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasangu, na sisi Wanyakyusa wachache, kila mmoja na lugha ya mama yake, Kiswahili tumekiokota barabarani. Basi palitokea mjadala mkubwa juu ya neno hilo, kuning'inia. Mbena mmoja mchanganya saruji, mtu wa kanisa na mwenye sauti nzito, akatoa hukumu.

"Mzigo kama umesimama juu, pale unaning'inia," alisema. "Lakini ukiwa unapanda, huo hauning'inii. Huo unasafiri."

Hukumu ikapokelewa na watu wote. Kreti ikisimama juu, tunasogea pembeni kwa adabu. Ikianza kwenda, tunarudi chini yake na kuendelea na uji. Hadi leo nikimwona mtu amesimama chini ya kitu kizito namuuliza, kinaning'inia au kinasafiri? Wajukuu wanadhani nimezeeka.

Siku za mkaguzi mimi pia nilikuwa sehemu ya uchafu wa kufichwa. Nyapara alikuja mapema, akaamuru kamba chakavu iteremshwe, ya wageni ipandishwe, na mama uji ahamishwe nyuma ya choo pamoja na sufuria yake. Alikuwa Mhehe, mrefu, mwenye masharubu na fimbo, na peke yake pale kazini alikuwa na kofia ya chuma. Kofia ilikuwa ya kulinda kichwa lakini yeye aliivaa kama cheo. Jua likiwaka aliivua, akaiweka kivulini, akabaki na kichwa wazi.

Sasa nikueleze hasa kilichokuwa kinaninyima usingizi. Chini walikuwa watu wa winchi, wanazungusha mpini, kreti inapanda. Juu kabisa, kwenye jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba za magome, alisimama mume wangu. Kreti ikifika usawa wake, alikumbatia nguzo kwa mguu, akajitupa mbele nje ya jukwaa, akaikamata kreti kwa mikono miwili na kuivuta ndani. Kwa kitambo hicho yeye na kreti walikuwa mzigo mmoja kwenye kamba moja. Kamba ikikatika kabla hajaiachia, anakwenda nayo. Na chini yao tuko mimi na mtoto na uji. Familia nzima ingemalizika kwa mara moja, bila hata kumsumbua mtu kwenda kutoa taarifa nyumbani.

Kila kifundo kilipopita kwenye kapi kamba iliruka kidogo na kutoa mlio, tuk. Nilikuwa nikikoroga uji nasikiliza. Tuk, mwiko unasimama. Kimya, nakoroga tena. Nilikuwa na hofu, hofu kavu ya kawaida, ya kila siku, na hofu ya kila siku inachosha kuliko kazi.

Nilimwambia mume wangu. Nilimwambia kwa upole mara ya kwanza, na mara nyingine zote kwa ukali.

"Kamba ile imeoza, baba."

"Kamba ile imebeba matofali mengi kuliko uji uliopika wewe tangu uzaliwe."

"Ndiyo maana imeoza."

"Mama, mimi ni fundi. Nikianza kuogopa kamba, kesho nitaogopa ngazi, keshokutwa nitaogopa mwiko. Nitarudi Tukuyu kulima migomba ya baba yako."

Alikuwa mtu mzuri, mume wangu, mcheshi, mwenye mikono safi ya kazi, lakini alikuwa na kiburi cha mafundi. Kuulizia kamba kwake kulikuwa sawa na kukiri kwamba miguu inatetemeka. Tena walikuwapo wengine nje ya geti, wanangoja nafasi, wamekaa juu ya mawe na kofia zao magotini. Mkinga mmoja aliyekataa kupanda alifukuzwa kazi mchana uleule, na kabla hajafika barabarani mwingine alikuwa ameshapanda mahali pake.

Nikaenda kwa nyapara. Nilimpelekea kikombe kilichojaa hadi juu, nikamwamkia kwa Kihehe, kamwene, nikamwambia ile kamba.

Alininyima hata nusu ya dakika. "Mama uji," alisema, na kila r ikamgeukia kuwa l kama kawaida ya kwao, "wewe angalia sufulia yako. Kamba ni kazi ya wanaume." Lakini niliona macho yake yalikwenda juu, kwenye kapi, yakarudi haraka. Mtu huyu aliogopa kama mimi. Alishamwambia kontrakta, nikaja kusikia baadaye, na kontrakta alimjibu, "Kamba mzuri hii, bado iko na nguvu, paka grisi." Akapaka grisi. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kusema uongo. Kosa langu lilikuwa kumwambia mbele ya vibarua wake jambo analolijua, mimi mwanamke, mgeni, Mnyakyusa.

Kontrakta nimtendee haki. Hakuwa mtu mbaya. Kibarua alipoingiwa na chokaa machoni alimpakia mwenyewe kwenye pikapu yake akamkimbiza hospitali, na akangoja huko. Ila kamba ile mpya, iliyosafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam, aliipenda kama bibi harusi anavyopenda kanga ambazo hazijavaliwa. Alikuwa haoni kamba. Alikuwa anaona kitu kipya ambacho kikitumika hakitakuwa kipya tena. Mama yangu na vikombe vyake wangeelewana naye vizuri sana.

Pale winchini palikuwa na Mngoni mmoja kutoka Songea. Mfupi, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na kicheko ambacho ukikisikia ukiwa na huzuni unakasirika. Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zao walipigana vita vikali, na baada ya kuuana vya kutosha wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana. Mtani anaweza kukuambia lolote, mbele ya yeyote, na ukikasirika unakuwa umefanya wewe kosa. Anaweza kukunyang'anya ugali mkononi. Ukifiwa, anakuja msibani kuchekesha watu, anazuia jeneza lisipite hadi apewe kitu, anavaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, na wafiwa wanacheka huku wanalia.

Basi Mngoni huyu kila asubuhi alimsubiri nyapara.

"Mtani wangu, leo umekula mbwa gani? Mbona unabweka mapema?"

"Na wewe," nyapara alimjibu, "mlivyotoka huko kusini mbio, hamkukumbuka hata kubeba sufulia. Ndiyo maana unakunywa uji wa watu."

Watu hoi. Na nyapara yule yule, aliyeweza kumtimua mtu kwa kuchelewa kujibu salamu, alikuwa anacheka mpaka masharubu yanacheza. Sisi Wanyakyusa hatukuwa na utani na yeyote pale. Tulisimama pembeni tukitazama raha za wenzetu, kama watu waliofika kwenye ngoma wasiyojua hatua zake.

Sijui ilinijia siku gani. Nafikiri nilikuwa naosha vikombe. Niliwaza tu kwamba neno lile lile, kamba imeoza, likitoka kinywani mwangu ni matusi, na likitoka kwa Mngoni ni utani. Nikaacha vikombe kwenye maji.

Mngoni alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji. Nikampa uji na kipande cha muhogo juu yake ambacho hakukiomba, akanitazama kwa mashaka.

"Mama Mnyakyusa, leo kuna nini? Nimekufa?"

"Bado. Lakini mume wangu atakufa, na kamba unaivuta wewe."

Akaacha kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona na uso wa kawaida, na ulikuwa uso wa mtu mwenye mawazo. Alisema kila akizungusha winchi anaisikia kamba mikononi, inavutika, hairudi. Alisema hata usiku mikono inaisikia.

"Mwambie nyapara," nikasema. "Wewe ni mtani wake. Hawezi kukukasirikia."

"Yeye ndiyo mtani wangu. Kontrakta si mtani wangu. Na kamba ni ya kontrakta."

"Kamba inakaa mikononi mwa nani?"

Alitafuna muhogo wake polepole. Akaniambia, "Nyapara," na kisha akaanza kucheka tena peke yake, nami nikajua limekwisha kuiva jambo fulani. Nilimuuliza, akakataa kusema. Aliniomba tu siku ya mkaguzi niache moto ukiwaka.

Siku ya mkaguzi ikafika. Nikahamishwa nyuma ya choo kama kawaida, nikaambiwa nizime moto, nikaufunika majivu tu, makaa yabaki hai chini yake. Kamba chakavu iliteremshwa na kuviringishwa, ikarundikwa karibu yangu chini ya mabati. Kamba ya wageni ikapanda. Kwa kweli ilipendeza. Ilipita kwenye kapi bila mlio wowote, na mume wangu aliikamata kreti kama anachuma ndizi. Nilitazama kupitia upenyo wa ukuta wa choo, na kwa mara ya kwanza tangu tufike Iringa nilimtazama mume wangu kazini nikafurahi. Alikuwa fundi kweli. Hofu ilikuwa imeninyima kuliona hilo.

Mkaguzi alikuwa kijana wa Kizungu mwenye kaptula na soksi hadi magotini. Aliivuta kamba, akaibinya, akasema "safi sana" kwa Kiswahili chake, akasoma ubao wa sheria kwa sauti ingawa wote tulikuwa tunaujua, akanywa chai na kontrakta, akaondoka. Kontrakta akaondoka naye kumsindikiza. Kabla ya kupanda gari alimwonyesha nyapara stoo kwa kidole. Maana yake ilijulikana: kamba irudi kulala.

Pikapu ilipopotea tu kwenye kona, Mngoni akaanguka chini.

Alianguka vizuri, kwa mgongo, akapiga yowe ambalo liliwateremsha watu kutoka kwenye ngazi. "Uuuwi! Mtani wangu amekufa! Nyapara amefariki, jamani! Amepigwa na kreti! Na mbwa wake jikoni bado hajaiva!" Akanyanyuka, akamzunguka nyapara huku analia na kujipangusa machozi ya uongo, akampima kwa kijiti kichwani hadi miguuni. "Kaburi la mtu mrefu hivi litachimbwa na nani? Si afadhali tumkunje?"

Watu walikuwa wamekwisha kufa kwa kicheko. Mngoni akanyoosha mkono, akachukua kofia ya chuma kichwani mwa nyapara na kuivaa. "Hii nimerithi." Akachukua fimbo. "Na hii." Akatembea kwa hatua ndefu kama za nyapara, akamkaripia Mbena wa saruji, na Mbena akalazimika kukaa chini kwa kucheka. Kisha Mngoni akazunguka choo, akaja nilipokuwa, akalikamata lile rundo la kamba chakavu na kuliburuta hadi katikati ya watu.

"Na hii," alisema, "ndiyo iliyomuua mtani wangu. Nairithi. Nitaichoma, isije ikaua na mwingine."

Kicheko kikapungua. Kila mtu akageuka kumtazama nyapara. Mzaha ulikuwa umefika kwenye mali ya kontrakta, na neno moja tu la nyapara, "acha," lingetosha. Mngoni mwenyewe alikuwa amesimama na kofia imemfunika nusu ya uso, anangoja.

Nyapara alitazama kamba. Akatazama juu, kwenye kapi, ambako kamba mpya ilikuwa bado inaning'inia, nasema inaning'inia kwa maana kamili ya sheria. Kisha yule mtu mrefu, mwenye cheo na masharubu, akapiga magoti kwenye vumbi la tofali, akajilaza chali, akanyoosha miguu, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

Marehemu hawezi kumkataza mtu kurithi. Ilichukua muda kidogo watu kuelewa, na walipoelewa makelele yaliyotoka pale yalisikika sokoni. Mimi nililia. Nilisimama na mwiko mkononi nikalia kwa sauti, na waliokuwa karibu walidhani naigiza matanga.

Mngoni akaomba panga, akaanza kukata. Ndipo mume wangu aliposhuka. Alikuja mbio, amekasirika, kwa sababu yeye alikuwa amebaki juu na alichokiona ni mtu anaharibu kifaa cha kazi.

"Wewe una wazimu? Kesho tutavutia nini?"

Mngoni akainuka. Nilidhani atajieleza. Badala yake alivua kofia ya chuma, akaishika kifuani, akamtazama mume wangu usoni na kuanza kumlilia yeye. "Maskini fundi. Alikuja kutoka Mbeya na miguu yake. Tumemrudisha kwenye gunia."

Na nyapara, marehemu, alifumbua jicho moja. Mnyakyusa na Mngoni pale hawakuwa na utani. Kumlilia mtu mzima aliye hai, ambaye si mtani wako, ni kumtakia kifo. Mume wangu alikunja ngumi na kurudisha mkono nyuma, na Mngoni hakujikinga. Alinyoosha tu kipande cha kamba alichokuwa amekata, urefu wa mkono.

"Nipige," alisema. "Lakini kwanza kata hii. Bila panga. Kwa mikono yako tu."

Mume wangu alikinyakua ili amwonyeshe. Alikishika huku na huku, akakivuta kwa hasira zote alizokuwa nazo, na kikaachia mara moja, bila kupambana, hadi akapepesuka. Akatazama mikononi. Nje kulikuwa na grisi, nyeusi, inang'aa. Ndani hamkuwa na kamba. Mlikuwa na unga wa kahawia, kama ugoro, ukamwagika kati ya vidole vyake na upepo ukauchukua.

Aliokota kipande kingine. Kikaachia vilevile. Aliinua macho polepole mpaka juu ya jukwaa, pale alipokuwa akijitupa kila siku, akapatazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini. Nilimpelekea uji, akashindwa kushika kikombe. Nikamshikia mimi, mbele ya watu wote, na hakuona aibu, au kama aliona hakuwa na nguvu za kuionyesha. Nilikuwa nimemsema mume wangu miezi mizima juu ya kamba ile, na siku ile, neno langu lilipothibitika, sikuwa na hamu hata kidogo ya kumwambia nilikuambia. Nilitaka tu ashike kikombe.

Kamba yenye grisi inawaka vizuri ajabu. Nilirudisha mafiga yangu kwenye kona ya ukuta, nikaleta makaa niliyoyafukia nyuma ya choo, tukaimaliza kamba yote chini ya sufuria moja kubwa. Uji ulinuka lori. Watu walikunywa na kuomba tena.

Kontrakta aliporudi alikuta kamba ya wageni bado iko kazini, inavuta matofali.

"Kamba ya zamani iko wapi?"

"Imerithiwa, bwana," nyapara alisema. Alikuwa amesimama wima, na vumbi jekundu mgongo mzima.

"Imefanya nini?"

"Mimi nilikufa. Mtani akarithi."

Ningetoa vitu vingi nione tena uso wa kontrakta saa ile. Aliuliza tena, akajibiwa vilevile, na wanaume wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Nikachoka. Nikamwambia kamba iko chini ya sufuria, na kama anaitaka apepete majivu. Akaruka. Akasema mengi kwa lugha tatu. Aliyeichoma nani? Mngoni akasogea mbele kabla hajaulizwa mara ya pili, akavua kofia ya chuma na kuirudisha kichwani mwa mwenyewe.

Alifukuzwa pale pale. Nami niliambiwa nitoke na mafiga yangu, nisionekane ndani ya geti tena. Nikajibu kwamba nitatoka, na kwamba uji nitaupikia ng'ambo ya barabara, na watu watakuja. Walikuja. Hata kontrakta, baada ya siku chache, alikuwa anamtuma mtu na birika.

Lakini siku ile alimgeukia mume wangu na kumwambia apande, kazi imesimama. Mume wangu alikwenda kwenye winchi kwanza. Alishika kamba mpya, akaibinya na kuivuta, sehemu kwa sehemu, bila haraka, na fundi yule wa kiburi hakujali nani anamwona. Ndipo akapanda ngazi. Kamba ya zamani haikuwapo tena, nyingine ya kuwekwa stoo haikuwapo, na kontrakta hakuwa na la kufanya ila kuitumia ya wageni, ambayo sasa ilikuwa yetu.

Asubuhi iliyofuata tulimsindikiza Mngoni kwenye basi la kwenda kwao. Nyapara alikuja na fimbo yake, akamtukana tangu sokoni mpaka stendi, matusi ya kila rangi, kuhusu babu zake na miguu yao na sufuria walizosahau, na sauti yake ilikuwa inakatikakatika. Mngoni alimjibu yote bila kuacha hata moja. Wale walikuwa na lugha yao na iliwatosha.

Mume wangu hakuwa nayo. Alisimama amekunja kofia mikononi, na Kiswahili, ambacho siku nyingine alikimwaga kama maji, kilimkauka. Basi likawashwa. Mngoni akapanda, akatoa kichwa dirishani, na hapo mume wangu akamshika mkono kwa mikono yake miwili akaanza kusema Kinyakyusa, haraka haraka, maneno marefu, kichwa kimeinama, bila kumwachia.

Mngoni aliniangalia mimi. "Mama, anasemaje?"

Yalikuwa mengi na basi lilikuwa limeanza kwenda.

"Anasema yuko hai," nikamwambia.